Waliongoja Changuu

Kwetu Unyambwa maji ya chumvi si mageni. Ziwa Singidani na ziwa Kindai yako pale pale mjini Singida, maji yake ni ya magadi, na msimu ukiwa mwema heroe hutua ukingoni kwa wingi hadi ukingo ukabadilika rangi. Lakini ziwa letu unauona mwisho wake. Ukitaka utafuata kingo zake kwa miguu, na jioni utarudi nyumbani kula ugali wa uwele. Bahari ni jambo lingine. Upande wake wa pili kuna Muscat, kuna Mandvi, kuna Bombay, na kwa mamia ya miaka kila kaskazi ilipovuma ilileta watu. Baadhi yao walifika hadi kwetu.

Nimekua nikiyaona maduka ya Wahindi mjini Singida. Huko ndiko mama zetu walikonunua kaniki, chumvi, mafuta ya taa na viberiti, na huko ndiko watoto tulikotumwa na sarafu zilizofungwa kwenye pindo la shuka. Ukiwauliza wenye duka asili yao, jibu lilikuwa fupi: wazee wetu walikuja kwa meli, wakapitia Unguja, basi. Kati ya meli ile na duka la Singida pana nafasi kubwa ambayo hakuna aliyenijazia. Nafasi hiyo ndiyo iliyonipeleka Changuu, kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe ambacho watalii wengi wanakiita Kisiwa cha Gereza, na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kituo cha karantini cha wasafiri wa Afrika Mashariki.

Safari yenyewe siku hizi ni nyepesi. Basi linateremka kutoka Singida kupitia Manyoni hadi Dodoma, na kutoka Dodoma kuna treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inayokufikisha Dar es Salaam kwa saa chache. Ninapopita Manyoni sikosi kutazama upande wa magharibi. Huko ndiko kulikokuwa na Mgunda Mkali, pori kavu kati ya Ugogo na Unyanyembe lililoogopwa na kila msafara wa karne ya 19. Wapagazi walilivuka na pembe za ndovu mabegani, na wengine walilivuka wakiwa wamefungwa shingo kwa shingo, wakipelekwa Bagamoyo na kutoka Bagamoyo kuvushwa Unguja. Njia hiyo hiyo ilipandisha vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba hadi bara. Kwa hiyo mtu wa Singida akienda Unguja haendi ugenini kabisa. Anafuata nyayo, ingawa nyingine inauma kuzifuata.

Kutoka Dar es Salaam boti ya mwendo kasi huchukua kama saa mbili. Bandarini Malindi, Unguja, unaonyesha kitambulisho, ofisa anakitazama, anakutazama, unapita. Jambo la dakika moja. Niliikumbuka dakika hiyo kesho yake nilipokuwa Changuu.

Boti za kwenda kisiwani hungoja ufukweni karibu na Forodhani, Mji Mkongwe. Ni za mbao, zina turubai la kivuli na mashine ya nyuma, na majina yake yameandikwa ubavuni kwa rangi nzito. Nahodha wetu alikuwa kijana mwembamba asiye na maneno mengi. Alitazama maji, akatuhesabu, akasema tukikawia maji yatatoka na itatubidi kuifuata boti mbali. Tukaingia. Kulia tuliiacha Chapwani, kushoto kwa mbali ilionekana Bawe, ambako waya wa simu ya maandishi uliotoka Aden mwaka 1879 ulipitishwa, na mbele yetu Changuu ikawa inakua.

Kisiwa kiko kilomita 5.6 kutoka mjini. Urefu wake ni kama mita 800, na palipo papana zaidi hapazidi mita 230 au karibu na hapo. Ukikileta Unyambwa utapata mashamba ya alizeti ya kaya chache tu. Jina lake ni la samaki changu. Unapokaribia, bahari ya bluu iliyoiva inafifia ikawa ya kijani, kisha ghafla unauona mchanga chini ya boti na kivuli cha boti kikitembea juu yake. Sijaona maji ya namna ile mahali pengine. Hata watoto waliokuwa wakipiga kelele tangu Forodhani walinyamaza wakainama ubavuni kutazama.

Mwongozaji aliyetupokea alikuwa na umri wa mwanangu wa mwisho.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mzee ametokea wapi?”

“Bara. Singida, Unyambwa.”

“Masafa hayo! Karibu sana. Tuanze na kobe?”

Kila mtu huanza na kobe. Nikamwomba kobe wangoje, tuanze na watu. Akafurahi kuliko nilivyotarajia, akasema ni nadra kupata mgeni anayeuliza habari za karantini, akageuza njia.

Jengo linaloitwa gereza liko kaskazini mwa kisiwa, limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mahali plasta ilipobanduka nilisogeza uso karibu na ukuta. Matumbawe yale bado yana sura yake ya baharini: mistari inayojikunja na vitundu vidogo vilivyopangika, na katikati ya jiwe moja nusu ya kombe la chaza, jeupe, kana kwamba limetiwa jana. Mawe ya kisiwa hiki yalichimbwa pia kwa ajili ya nyumba za Mji Mkongwe, na mashimo ya machimbo yapo mpaka leo, yamejaa majani na vivuli. Sisi kwetu jiwe ni jiwe. Mawe makubwa ya Singida yamekaa pale tangu kabla ya mtu yeyote. Hapa ukuta mzima ulikuwa hai zamani. Niliusimamia muda mrefu, mwongozaji akaniacha.

Historia ya mahali hapa ina tabaka, na ya chini kabisa ndiyo chungu kuliko zote. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1860 Sultan Majid bin Said alikitoa kisiwa kwa Waarabu wawili, nao wakakitumia kuwafungia watumwa waliokaidi, kabla ya kuwasafirisha au kuwapeleka sokoni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, enzi ya Sultan Barghash, na mahali pake likajengwa kanisa la Anglikana la Mkunazini. Waliofungwa Changuu hawakuacha maandishi. Nina hakika miongoni mwa watu waliopita katika mikono ile wapo waliotokea kwetu, waliovuka Mgunda Mkali kwa miguu yao, na hatuna jina hata moja la kuwaombea. Hilo linanisumbua kuliko kila kitu nilichokiona kisiwani.

Mwaka 1893 kisiwa kilinunuliwa na Lloyd Mathews kwa niaba ya serikali ya Zanzibar. Mathews alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliyeanza kwa kumfundishia Barghash askari wake mwaka 1877, akaishia kuwa Waziri wa Kwanza wa Zanzibar kuanzia 1891 mpaka alipofariki mwaka 1901. Alikusudia gereza la wahalifu hatari watakaoletwa kutoka bara. Gereza likajengwa, vyumba vikakamilika, ua ukazungushiwa ukuta, na wafungwa hawakuletwa. Jengo likapata kazi nyingine ambayo wakati ule ilikuwa ya dharura zaidi: kuwaweka wasafiri waliotiliwa shaka ya maradhi.

Ili kuelewa dharura hiyo tutazame walichokuwa wakikiona watawala wa Unguja kutoka kwenye madirisha yao. Bandari yao ilikuwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Tangu 1872 meli za kampuni ya British India zilikuwa zikileta barua na abiria kwa ratiba. Zamani jahazi lililotoka Kutch, Bara Hindi, lilikaa baharini wiki nyingi, na maradhi makali yaliyopanda nalo yalimalizana na watu njiani: aliyekufa alizikwa baharini, aliyepona alishuka amepona. Meli ya moshi ilifupisha safari. Mtu aliweza kupanda mzima Bombay na kushuka Unguja kabla ugonjwa haujajionyesha. Kasi iliyowatajirisha wafanyabiashara ndiyo iliyowatia hofu madaktari.

Hofu hiyo ilipata sababu haraka. Mwaka 1894 tauni ilipiga Hong Kong, na huko daktari Alexandre Yersin akakitambua kidudu chake. Mwaka 1896 ilikuwa imefika Bombay, bandari ile ile iliyokuwa ikiwaleta watu wetu wa maduka. Mwaka 1897 mataifa yalikutana Venice kujadili namna ya kuizuia. Mwaka 1902 ilikuwa Nairobi, na mtaa mzima wa maduka ya Wahindi, bazaa yao ya mabati na mbao, ukachomwa moto kwa amri ya serikali. Ukisoma tarehe hizi kwa mfuatano unaona kwa nini kisiwa kisicho na watu, kilicho na majengo ya mawe matupu na bahari pande zote, kilionekana kama neema.

Waongozaji wengi wa watalii husema karantini ilikuwa ya homa ya manjano. Jina hilo limebaki labda kwa sababu hata leo msafiri anaulizwa kadi yake ya njano. Lakini orodha ya walivyoviogopa ilikuwa ndefu: tauni, ndui, kipindupindu, na homa hiyo pia.

Utaratibu wa karantini wa zama zile ulifanana katika bandari nyingi. Meli ilitia nanga nje, bendera ya njano ikipepea mlingotini, na hakuna aliyeruhusiwa kupanda wala kushuka mpaka daktari wa bandari aifikie kwa mashua. Aliuliza: mmetoka bandari ipi, mlipita wapi, njiani aliugua nani, alikufa nani? Abiria wakapangwa sitahani. Akatazama macho na ndimi, akapapasa makwapa na kinena, maana mitoki iliyovimba ndiyo alama ya tauni. Meli isiyo na shaka iliachiwa. Yenye mgonjwa, abiria wake walishushwa na masanduku yao, nguo zikatiwa mvuke au dawa, wasio na kovu la ndui wakachanjwa. Baada ya hapo kazi ilikuwa moja, kungoja, na kila siku kukaguliwa tena.

Siku za kungoja zilikuwa na hesabu yake. Kila ugonjwa una muda wake wa kujificha mwilini. Kipindupindu hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku tano, homa ya manjano siku tatu hadi sita, tauni kwa kawaida ndani ya wiki, ndui yaweza kuvuka wiki mbili. Ndiyo maana abiria wa Changuu walikaa kati ya wiki moja na mbili. Aliyebaki mzima muda wake ulipokwisha alipewa ruhusa, akachukua mzigo wake akaendelea na safari.

Kituo kilikuwa na kazi zaidi kati ya Desemba na Machi. Mtu wa pwani haelezwi sababu: hiyo ni miezi ya kaskazi, wakati majahazi ya Bara Hindi na Arabuni yanapoteremka kuja kwetu. Kusi ikianza mambo yanageuka, vyombo vinarudi. Miezi isiyo na wageni wa karantini, watu wa mjini walikuja Changuu kupumzika, kuoga baharini na kupunga upepo kwenye nyumba ya mapumziko yenye kibaraza kipana iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Kitanda cha hofu na kitanda cha raha katika kisiwa kimoja, kwa zamu za upepo. Mwongozaji alinionyesha nyumba hiyo, nami nikamwona mwenyewe akiipenda. Alisimama mahali ambapo upepo unapita, akanyoosha mikono.

Baadaye majengo yaliongezeka. Sehemu kubwa ya karantini ilikamilika mwaka 1923, ikiwa na nafasi ya zaidi ya watu 900, na mwaka 1931 yakaongezwa mengine upande wa kusini magharibi. Mwaka 1923 una maana kwangu. Tanganyika ilikuwa imeshahamia mikononi mwa Waingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Changuu ikawa kituo cha makoloni yao yote ya huku. Mwenye duka aliyekuwa njiani kwenda Singida miaka hiyo, akiwa na mke, watoto na anwani ya ndugu aliyemtangulia, angeweza kabisa kulala katika vyumba hivi.

Naye angekuwa abiria wa aina gani? Meli za wakati ule zilikuwa na watu wa vyumbani na watu wa sitahani. Abiria wa sitahani walibeba matandiko yao, vyungu vyao, mchele wao, na walipika na kulala juu huko huko, jua na mvua vyao. Wengi wa waliokuja kuuza duka bara walikuwa wa kundi hilo. Kwingineko pia daraja la tiketi liliamua namna ya kupokelewa. Pale Ellis Island, New York, kituo kilichofunguliwa mwaka 1892, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa melini wakashuka moja kwa moja mjini. Waliopelekwa kisiwani kusimama foleni ni wa daraja la chini. Angel Island, San Francisco, kituo kilichofunguliwa mwaka 1910, kiliwashikilia Wachina kwa wiki, wakati mwingine miezi, nao wakachonga mashairi kwenye kuta za mbao. Kamaran, ndani ya Bahari ya Shamu, ilikuwa karantini ya mahujaji. Na Port Louis, Mauritius, kuna Aapravasi Ghat, ambako karibu watu nusu milioni kutoka Bara Hindi walipokelewa kufanya kazi kwa mikataba mashambani. Mwaka 2006 pakaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO. Ellis Island, Angel Island na Aapravasi Ghat zina jambo moja ambalo Changuu inalikosa: mgeni akifika, anasimuliwa habari za waliongoja.

Kuna hadithi nyingine inayopaswa kusimuliwa kwenye ukuta wa Changuu, nayo inatuhusu sisi wa bara. Kipindupindu kikubwa cha 1869 na 1870, kilichoua watu wengi Unguja, hakikushuka kutoka meli ya Bombay. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar miaka hiyo, alikifuatilia kwa kuwauliza wafanyabiashara na wasafiri, na mwaka 1876 akakichapishia kitabu. Aligundua kwamba kilitoka pande za Bahari ya Shamu, kikapita Uhabeshi na nchi ya Wagalla, kikaingia Umasaini, kikateremka Pangani kwa njia ya misafara, na kutoka Pangani kikavuka bahari. Kilikuja kwa miguu. Yaani pwani na bara zilikuwa zimeshaunganishwa kwa njia za watu kiasi kwamba hakuna kisiwa, hata kikilindwa vipi upande wa mashariki, ambacho kingekuwa salama kwa kutazama bahari tu. Ninaheshimu sana kazi ya Christie. Aliwasikiliza watu wa misafara wakati ambao wengi wa wenzake waliwahesabu tu kama wabeba mizigo.

Nilikaa kwenye kivuli cha ua nikijaribu kuwafikiria waliokuwa humo. Mama mwenye mtoto mwenye homa, akimfunika daktari asione. Mwanamume aliyeuza shamba Gujarat apate nauli, kila siku inayopita ikimpunguzia akiba. Mhudumu wa Kiafrika anayewapelekea maji, aliyepewa kazi ya kushika kile ambacho wengine wote wanakikimbia. Yeye ndiye ambaye hata kwenye hadithi za mwongozaji hayumo, nami nilimwambia amtie. Mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, baadhi yetu tulionja kidogo ladha ya kungoja namna hiyo. Lakini wao walingoja nchi mpya ikiwa mbele ya macho yao. Kutoka Changuu usiku taa za mji zinaonekana vizuri. Mtu aliyekwisha kufika, ila hajaruhusiwa kufika.

Kilichomaliza kazi ya vituo kama hiki si sheria bali elimu. Iligundulika kwamba homa ya manjano huletwa na mbu, na tauni na viroboto wa panya, chanjo zikaenea. Ndui, ambayo wazee wetu Unyambwa wamebeba kovu la chanjo yake kwenye mkono wa juu, ilikwisha kabisa. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merka, Somalia, mwaka 1977. Alipona. Miaka mingi baadaye akajitolea katika kampeni za chanjo ya polio, akihimiza wazazi kwa kuwasimulia yaliyompata, na alifia katika kazi hiyo mwaka 2013. Merka iko kwenye bahari hii hii, kaskazini yetu. Ningependa picha yake iwekwe Changuu, mlangoni kabisa.

Na kobe? Kobe wanastahili sifa zao. Nao ni wahamiaji: mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli aliwatuma wanne, wa jamii ya Aldabra, wakazaliana hadi kufikia 200 hivi mwaka 1955. Kisha wakaanza kuibwa, kwa kuuzwa ng'ambo na kwa kuliwa, na kufikia 1996 walibaki saba. Wakaletwa wachanga wengine 80, na nusu yao nao wakatoweka, ndipo serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika la kimataifa la kutetea wanyama, ikajenga uzio wanaoishi ndani yake sasa. Mmoja alinijia mwenyewe. Magamba ya miguu yake ni manene, na umri wake umeandikwa kwa rangi mgongoni, mkubwa kuliko wangu. Nikamkuna shingoni kama nilivyoelekezwa. Akainuka juu ya miguu yote minne, akanyoosha shingo polepole hadi ngozi yote iliyokunjamana ikanyooka, akafumba macho. Watoto wa ile boti walikuwa wamemzunguka na mikono imejaa mchicha. Kwenye miti kulikuwa na tausi wanalia, na nyuma ya kichaka paa mdogo alitutazama, akaondoka bila haraka. Ni kisiwa kizuri sana. Nasema hivyo nikiwa najua yote yaliyotendeka hapo, na sioni kama uzuri wake unafuta lolote.

Ushauri wangu kwa anayekwenda: aondoke Forodhani asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla maji hayajatoka, avae viatu vya kukanyagia matumbawe, na abebe kofia. Amwambie mwongozaji mapema kwamba anataka kuanzia karantini. Wanaijua habari hiyo vizuri kuliko wanavyopewa nafasi ya kuisimulia, na wakiulizwa wanaisimulia kwa moyo. Walimu wa Singida wanaopanga safari za wanafunzi kwenda pwani waingize Changuu kwenye ratiba pamoja na Bagamoyo na Mkunazini. Mahali hapo patatu ni habari moja.

Mimi nitarudi Unguja kwa kazi nyingine. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, mwendo mfupi tu kutoka Mji Mkongwe, na huko zimehifadhiwa kumbukumbu za serikali ya wakati ule. Nitaanza na miaka ya 1920, nikitafuta jina la abiria yeyote aliyeshushwa Changuu na, alipoulizwa anakokwenda, akajibu Singida.